Mkubwa Ndiye Hujenga Kwanza

Kiwandani, Litein
9 Februari 2025

Ooko mwana wa mama,

Barua hii imeandikwa na mtu mwenye bahati kuliko watu wote kati ya Kericho na Bomet, na nikisema wote nahesabu hata mameneja. Sababu utaikuta huko chini. Usiruke mistari. Tuanze na salamu, sisi si wanyama.

Hapa tuko wazima. Goti la mama limepunguza kelele tangu wale wa hospitali ya Kaplong wampe dawa ya kupaka, lakini ametangaza kwamba harudi nyumbani Nyakach mpaka baridi ya huku imfukuze yenyewe. Kutwa anakaa jikoni kwangu akimfundisha Beverly kusonga ugali. Mke wangu anavumilia kama Mkristo. Watoto wanakula kama watu waliolipwa kula. Majani chai ni mengi msimu huu, malori yanapanga foleni hadi kwa geti, na boila yangu inameza kuni bila kusema asante.

Sasa gazeti. Joan, yule karani wetu, alikata picha yako akaibandika kwa ubao wa matangazo, katikati ya ratiba ya shifti na tangazo la ng'ombe aliyepotea. Ati kijana wa Kenya ndiye mkubwa wa teknolojia kwa kampani ya betri huko Uingereza, na zaidi ya hapo ni bingwa wa makasia. Umesimama na kikaptura cha kubana, kasia mkononi, kifua kama mlango wa kanisa. Nilifurahi. Nilifurahi karibu siku nzima. Lakini wacha nikuulize. Unajua hapa kiwandani walikuwa wananiita nani? Injinia. Miaka yote hiyo: "Injinia, boila inapiga mluzi." "Injinia, njoo unywe chai." Tangu hiyo picha ipigwe misumari, mimi ni ndugu ya Injinia. Kipyegon, msimamizi wangu, mtu ninayekula naye, jana ananiita mbele ya watu: "Ndugu ya Injinia, ongeza kuni!" Sisemi kitu. Nakujulisha tu.

Na ndani ya gazeti umesema hujawahi kukaa kwa mashua mpaka ukafika chuo kikuu. Ooko! Na yale mapipa mawili tuliyoyafunga kamba pale kwa bwawa la estate? Mimi nimesimama mbele napiga maji na ubao, wewe umekaa nyuma unachota maji na mkebe wa mafuta ya Kimbo tusizame? Kama ile haikuwa mashua, ilikuwa nini, kitanda?

Haya, tuache. Bahati yangu ni hii: nimejenga! Nyakach, pale pale baba alinionyesha kabla hajatuacha, upande wa juu wa njia. Nimefungua boma yangu mwenyewe, na jogoo, na shoka, na moto, kila kitu vile inatakiwa. Nyumba ya matofali, vyumba vinne, mabati mekundu, baraza mbele. Usiniulize imewezekanaje. Fundi alipatikana, matofali yakapatikana, Mungu naye alikuwa na nafasi wiki hiyo. Na wewe, ambaye wazee wamekuambia tangu utoto kwamba mdogo hawezi kufungua boma kabla ya mkubwa, sasa njia ni nyeupe. Usije ukasema popote kwamba Phelix alikukalia mlangoni.

Usinipigie ile simu ya kuonana uso. Kioo cha simu yangu kimekufa, na mambo makubwa yanataka karatasi. Tumia sanduku la posta la kiwanda.

Mama anakusalimu sana, hata amesimama kusema hivyo.

Mimi mkubwa wako, mwenye nyumba,
Phelix

~

Reading, Uingereza
2 Machi 2025

Kaka Phelix,

Nakusalimu, nawasalimu mama, Beverly na watoto. Sisi tuko salama. Eddah wangu bado anafanya zamu za usiku hospitalini, kwa hiyo tunaonana mlangoni, yeye akiingia na mimi nikitoka, kama walinzi wawili wa benki moja. Theluji imeanguka mara moja tu mwaka huu na watu wakakimbilia mikate madukani.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama. Hongera sana, kaka. Tangu Jumanne nina wivu ambao sijui niuweke wapi. Hapa nina nyumba nzuri, lakini benki ndiyo itaimiliki mpaka nizeeke, na jirani yangu wa kushoto sijui jina lake. Wewe una baraza. Unakaa hapo saa ngapi? Kivuli kinaangukia upande gani? Niambie, usinicheke.

Kuhusu mapipa, mwandishi aliuliza mashua. Ningemwambia mapipa angeuliza ya mafuta gani, na baba yetu alikufa lini. Lakini kuna jambo ambalo sikumwambia yeye na sijakuambia wewe. Kwenye yale mapipa hukuwahi kunipa ubao. Nilikuomba kila Jumamosi. Ulikuwa unasema, "Mikono yako ni ya kalamu, wewe chota maji." Nilipofika chuo, walikuwa wanatafuta mtu mrefu wa kujaza kiti cha nne katika mashua ya watu wanane. Sikuuliza huo ni mchezo gani. Niliona kasia ndefu kuliko mlango, nikajisemea kwamba leo hakuna mkubwa wa kuninyima. Ndivyo nilivyoanza. Si ushujaa. Ilikuwa hasira ya mkebe wa Kimbo.

Miaka mitatu niliamka gizani, barafu ukingoni mwa mto, viganja vimechanika hata kushika kalamu ni taabu. Tulishinda vikombe viwili. Nikaenda kutengeneza pampu, kisha betri, kisha nikapewa watu mia mbili wa kuwasimamia. Wote wananiita bosi na hakuna hata mmoja anayejua kwamba mama ana goti.

Nitumie picha ya nyumba. Nataka kuiweka ofisini, mahali pa kikombe kimojawapo.

Mdogo wako,
Ooko

~

Kiwandani, Litein
13 Aprili 2025

Bingwa,

Salamu kutoka kwa kila mtu mwenye mdomo hapa. Mvua imeshuka vizuri, wachumaji wanatembea na plastiki kiunoni kama maharusi. Kijana wangu mkubwa amechaguliwa kiranja. Beverly alienda soko la Chepseon kununua viazi akarudi na mbuzi, na mpaka leo hajanieleza katikati hapo kulitokea nini. Mbuzi anakaa bafuni.

Mama nilimsomea barua yako mwenyewe, si unajua macho yake. Nilimsomea yote, ila pale kwa mambo ya nyumba koo lilinishika nikakohoa kidogo. Alifurahi sana juu ya viganja. Alisema, "Huyo mtoto ngozi yake ilikuwa laini tangu kuzaliwa." Mimi akaniangalia tu.

Sasa kaka, mchezo wako nimeutafuta kwa simu ya Joan wakati wa chai, tukawa watu sita juu ya simu moja. Nikaona vile vijitu vyembamba vinapiga maji. Swali la kwanza la Kipyegon: "Mbona wamekaa wakiangalia walikotoka?" Nikamwambia ndio sheria. Akasema, "Na wakigonga kitu?" Nikamwonyesha yule mtu mdogo amekaa peke yake mwisho wa mashua anawapigia kelele. "Na huyo anavuta nini?" Havuti kitu, anapiga kelele tu. Watu wote wakaniangalia, wakasema, "Phelix, hii kazi ni yako!" Wakacheka mpaka mtu akasahau kufunga mvuke. Nikacheka pia. Lakini nikafikiria usiku: mimi ndiye nilikuwa na mgongo. Wewe ulikuwa na miguu ya korongo na kamasi. Mzungu angekuja kwa lile bwawa akitafuta mtu wa kuvuta, angechukua nani? Sema ukweli! Ungebaki na mkebe wako. Sijakasirika. Nauliza tu kama mtu anayeuliza.

Kuhusu ubao, ukweli ni kwamba ulikuwa na misumari. Nilikuwa nakulinda.

Baraza umeuliza. Kivuli kinakuja mchana, kinakaa mpaka jioni. Nimeweka viti vinne vya mbao na kimoja cha mgeni. Dirisha la chumba cha kulala linaangalia ziwa kwa mbali, unaona maji kama bati limewekwa juani. Upepo ukija, mapazia yanatoka nje yenyewe kusalimia watu. Watu wakipita njiani wanapunguza mwendo. Siku nyingine nikiwa hapa kwa boila, jasho linaingia macho, nafunga macho nakaa hapo kwa baraza dakika moja. Ni nyumba nzuri, Ooko. Hata mimi naionea wivu.

Picha hiyo hapo ndani ya bahasha. Nimesimama mlangoni. Usiangalie viatu.

Mimi niliyevuta kwanza,
Phelix

~

Reading
25 Mei 2025

Kaka,

Salamu nyingi. Hongera kwa kiranja. Msalimie mbuzi. Huku ni majira mazuri, jua halitaki kuzama, na Eddah amepanda sukuma wiki kwenye ndoo mbili nyuma ya nyumba. Anaimwagilia akiongea nayo Kijaluo. Majirani wameanza kutuogopa.

Samahani kwa karatasi hii ya kawaida. Ile yenye chapa ya kampani imeisha.

Picha imefika. Umenenepa vizuri, na ule mlango wa bluu unapendeza. Nimeitazama sana, hata nikachukua miwani ya Eddah. Nyuma yako, karibu na ukuta, naona kama majani chai. Mistari mitatu, imekatwa vizuri juu. Nilikuwa nakumbuka Nyakach yetu ni joto, udongo mweusi, mtama na pamba, na chai hata ukiibembeleza haimei. Lakini ni miaka mingi, na wanasema hali ya hewa imebadilika dunia nzima. Hata hivyo imeniwia vigumu kuamini imebadilika namna hiyo.

Sikuweka picha ofisini. Nimeiweka jikoni, ninakoshinda siku hizi. Nitakuwa na nafasi nyingi mwaka huu, kaka. Asubuhi naenda mtoni na mashua yangu ya mtu mmoja, navuta mpaka daraja la pili, narudi, na bado ni saa mbili. Siku inabaki yote mbele yangu kama shamba la mtu mwingine.

Kwa hiyo nimeamua. Mwaka huu nataka kufungua boma yangu Nyakach, chini yako, vile inavyotakiwa. Si jumba. Vyumba vitatu. Eddah amekubali kabla sijamaliza sentensi, na wewe unamjua Eddah. Niambie mwezi gani unakufaa.

Mama hajambo? Katika barua yako hakuna salamu zake.

Ooko

~

Kiwandani, Litein
29 Juni 2025

Ndugu yangu mwenye nafasi nyingi,

Tuko wazima. Baridi imekuja na meno, kuna asubuhi majani chai yanameta weupe huko upande wa juu, na watu wote wa kiwanda ghafla wana shida ya kuniona kwa boila, ati wanakuja kunisalimia. Mbuzi amezaa. Bado bafuni.

Umeniuliza juu ya chai kwa picha. Ooko, wewe ni mtu wa betri, chai waachie wenye chai. Ile ni fensi. Kuna mti mmoja wa fensi siku hizi unafanana na chai kabisa, hata ng'ombe wanadanganyika. Na usiponiamini, basi.

Nafasi nyingi! Mimi nikitaka siku moja ya kumpeleka mama Kaplong naomba Kipyegon, Kipyegon anaomba meneja, meneja anakumbuka kwamba mwaka juzi nilipewa siku moja. Wewe unavuta mashua mpaka daraja la pili na bado ni saa mbili. Kila nikifikiria hiyo saa mbili yako kuna kitu kinanichoma hapa, chini ya kifungo cha tatu. Ndivyo wakubwa wa kampani wanaishi, eh? Mtu analipwa kwa kuwa na nafasi?

Sasa mambo ya boma. Kwani haraka ni ya nini? Umengoja miaka yote hii, ngoja mwingine. Mwaka huu njia ya Nyakach ni mbaya, mafundi wamekuwa wakora, mchanga unaletwa umechanganywa na matope. Na wacha nikuambie kitu kama mkubwa. Unasema vyumba vitatu. Nakujua. Utaanza vitatu, halafu Eddah atataka dirisha kubwa, halafu wewe injinia utaweka stima ya jua, tangi juu, maji yanakuja moto yenyewe. Watu watapita njiani. Unafikiri watapunguza mwendo kwangu? Watauliza, "Na ile ndogo huko juu ni ya kuku?" Wataambiwa, "Hapana, ni ya ndugu ya Injinia." Hata huko, Ooko! Hata kwa ardhi ya baba!

Hiyo nimeiandika na sitaifuta kwa sababu kalamu ndiyo hii moja.

Mama ni mzima kabisa. Alimpelekea Joan barua yako ile ya Machi baada ya kanisa akasomewa tena, eti mimi nasoma haraka. Kutoka siku hiyo ameacha kunipa salamu za kukuandikia. Nilimuuliza mbele ya Beverly, "Mama, nimwambie Ooko nini?" Akasema, "Mwambie yako kwanza, yangu nitamwambia mwenyewe." Beverly akatoka nje kumwangalia mbuzi. Wanawake.

Phelix

~

Reading
10 Agosti 2025

Kaka Phelix,

Salamu kwenu wote. Sukuma ya Eddah imefika kiunoni. Yeye ni mzima, amepunguza zamu.

Nilimpigia mama simu. Unajua mama akiongea na simu mpaka walio barabarani wanajibu. Tuliongea goti, mbuzi, mahubiri, nani ameoa Litein. Nikamuuliza, "Mama, nyumba ya Phelix ni nzuri?" Ghafla hanisikii. "Haloo? Haloo? Imekatika!" Nasikia anapumua.

Nikampigia baba mdogo Oyugi huko Nyakach, kwa kuwa baba hayupo na yeye ndiye atakayenitangulia siku hiyo. Alifurahi sana. Tumechagua Jumamosi tarehe kumi na tatu Desemba. Nikamwambia, "Vile ulivyomtangulia Phelix." Akasema, "Mambo ya mkubwa yanasemwa na mkubwa."

Tiketi tumekata.

Wacha nikueleze hiyo haraka, kwa sababu umeniuliza na sikukujibu. Huku mlango wa kazini unafunguliwa kwa kadi. Unaigusisha ukutani, taa inawaka kijani, unaingia. Mwezi wa nne niliigusisha ikawaka nyekundu. Nikajaribu tena. Kijana wa mapokezi, ambaye mimi ndiye nilimwandika kazi, akainuka akasema nisubiri pale kwenye kiti cha wageni, kuna mtu anashuka kuongea na mimi. Waliniletea vitu vyangu kwa boksi. Kikombe kimoja walisahau juu. Sikuwaambia watu. Kila asubuhi nilikuwa bado navaa na kutoka, naenda mtoni. Mwezi wa saba niliingia mashindano ya watu wa umri wangu, nikifikiri angalau huko. Nilimaliza wa mwisho, kaka. Mzee mwenye nywele nyeupe alinipita akiniombea radhi.

Usiku huo ndio nilitoa ile picha yako kwenye friji nikakaa nayo. Nina miaka arobaini na nne na sina mlango hata mmoja duniani ambao mtu hawezi kunifungia. Nilikuonea wivu mpaka nikaona aibu. Si kwa matofali. Ni kwa sababu wewe huwezi kuletewa boksi.

Sasa sikuulizi habari za miti ya fensi. Nakuuliza kitu kimoja tu, na nakuomba unijibu kama mwana wa mama. Siku hiyo nikipiga kigingi cha kwanza, nitakuwa nyuma yako kweli, au nitakuwa nimekuruka? Unajua wanavyosema juu ya mdogo anayemruka mkubwa, yanayowapata watoto. Eddah ni mjamzito. Baada ya miaka yote hiyo. Hatujamwambia mtu, hata mama. Wewe ni wa kwanza.

Ooko

~

Reading
12 Oktoba 2025

Kaka,

Sijapata jibu. Labda posta. Joan ameniandikia kwa simu kwamba uko kazini kila siku na una afya, kwa hiyo siogopi ugonjwa.

Eddah ameshona mapazia. Ameuliza vipimo vya madirisha ambayo hayapo, nikampa vya kubuni. Baba mdogo anauliza kama alete jogoo au nitanunua mwenyewe. Sijui nimwambie nini.

Niandikie hata mstari mmoja. Hata matusi.

Ooko

~

Kiwandani, Litein
2 Novemba 2025

Ooko mwana wa mama,

Salamu leo ni fupi. Wazima wote. Mvua ni nyingi. Mama anacheza dansi na goti lile lile, kwa sababu nilimwambia habari ya Eddah. Najua ulisema hakuna mtu anajua. Nilishindwa. Alilia, akaimba, akatoka akawaambia majirani wa mistari yote miwili ya nyumba, kwa hiyo sasa Wakipsigis na Wajaluo wote wa kambi wanakuombea, na Chepchirchir wa nyumba ya pili amefuma soksi ndogo za manjano. Nisamehe kwa hiyo moja. Zingine zinakuja.

Barua yako ya Agosti nilipewa na Joan nikiwa kwa boila. Nilisoma nimesimama. Nilipofika kwa ile taa nyekundu nilikaa chini kwa kuni, Kipyegon akaja mbio akidhani nimeungua. Nikamwambia moshi. Ooko, hiyo miezi yote mimi nikikuonea wivu wa saa mbili asubuhi! Nikikuandikia matusi juu ya nafasi nyingi! Na wewe unavaa shati unatoka unaenda kukaa kwa maji. Huyo kijana wa mapokezi nikimpata nitamketisha kwa kiti cha wageni mpaka azeeke.

Sikukujibu kwa sababu nilikuwa najaribu kuharakisha jambo fulani. Mwezi wa tisa nilimwomba Kipyegon siku nne, na safari hii nilimweleza yote mwanzo mpaka mwisho. Nilifikiri atacheka mpaka shifti iishe. Hakucheka. Alisema, "Kumbe mlango wangu ndio uliupigia picha! Na mke wangu alikuwa ananiuliza huyo mwanaume anatafuta nini hapa Chepseon na suti." Halafu akaniambia nichukue mabati aliyotoa kwa boma yake alipoezeka upya, kumi na nane, yana mashimo machache ya misumari. Akanitafutia na lori.

Nikaenda Nyakach. Baba mdogo alinikuta nimesimama kwa lile shamba. Hakunisalimia. Aliniuliza, "Umekuja kuangalia baraza?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi kaa." Tukakaa kwa nyasi, zimefika hapa magotini. Akanisema, Ooko, vile sijasemwa tangu baba. Kumbe mama alishampigia simu juu ya Eddah. Aliniambia, "Mdogo wako yuko na mimba ndani ya nyumba na wewe unacheza na mambo ya kurukana." Nikamwambia ni wivu. Nilimwambia hivyo, kwa mdomo wangu. Nikamwambia walibandika picha yake ukutani, wakanitoa jina, nikarudi nyumbani nikaandika barua, na nilipoanza kuandika kalamu ikajenga yenyewe. Chumba cha kwanza, cha pili. Ikafika kwa baraza nikaona ni tamu, nikaendelea. Halafu akasema kitu ambacho nakuandikia neno kwa neno: "Nyumba ya mkubwa haiulizwi ukubwa. Inaulizwa kama ililaliwa."

Sasa sikiliza mpango. Usije na ramani ya vyumba vyako vitatu kwanza. Msifike Jumamosi, mfike Alhamisi. Ijumaa asubuhi baba mdogo anatangulia na jogoo, mimi na Beverly nyuma yake na moto, kijana wangu kiranja na shoka. Kabla jua halijazama lazima kuta zisimame na mabati yakae juu, kwa sababu usiku huo mimi na mke wangu tunalala humo, mvua inyeshe isinyeshe. Chumba kimoja, fito na udongo. Vijana wa huko watakuja, lakini udongo unataka migongo na nasikia wewe una mgongo siku hizi. Utakanyaga matope na kunipa, nami nitabandika. Asubuhi yake, Jumamosi, mkitukuta hapo tumeamka na macho mekundu, ndiyo unapiga kigingi chako. Utakuwa nyuma yangu halali, na mtoto hatakuwa na deni na mtu. Jenga vitatu. Jenga vitano. Weka tangi. Nitaona wivu, najijua, lakini nitauonea kwangu, nikiwa nimekaa mlangoni kwangu.

Utauliza, na una haki ya kuuliza, mtu mwenye nyumba ya matofali, vyumba vinne, mabati mekundu na dirisha la kuangalia ziwa anataka nini na kijumba cha udongo cha siku moja. Nimeizungusha hiyo tangu juu ya karatasi, na karatasi imeisha.

Hakuna nyumba, Ooko. Sikujenga. Hata tofali moja.

Phelix